Joto la Kilichofutwa

Mwalimu hakuwa mtu wa kukupa mkono na kuuachia. Aliushika mkono wako, akaugeuza kiganja juu, akakaa nao kidogo kama mama anayempima mtoto homa, kisha akatoa hukumu. "Leo umepoa, binti. Umelala vizuri." Au, "Mbona unawaka? Kuna jambo unajaribu kulisahau." Wenzangu wa ofisini niliowahi kwenda nao kwake walidhani ni uzee, na mmoja alidhani ni njia ya kushika mikono ya wanawake. Haikuwa hivyo. Mwalimu aliamini, na alikuwa tayari kukuthibitishia kwa hesabu, kwamba hakuna kitu duniani kinachofutwa bila kutoa joto.

Sijui alizaliwa kilima gani cha Rwanda na sikuwahi kumuuliza. Mimi namjua kuanzia dirisha la kwanza, aliloniadhibu kwa kutolifungua, hadi dirisha la mwisho, ambalo nitalifikia. Katikati ya hayo mawili nilimwona mtu mwenye akili kuliko wote niliowahi kukaa nao akiipoteza akili hiyo taratibu, huku anajua fika kinachompotezea. Nilimpenda na bado nina hasira naye, kwa hiyo msomaji akiona nimepandisha sauti anivumilie.

Alitufundisha fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Kigali. Somo lenyewe alilifundisha kwa lugha iliyotakiwa na wakubwa, lakini utani wote aliufanya kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha Tanzania alikokulia, chenye shikamoo na marahaba. Mimi ni mtoto wa Nyamirambo, babu yangu alikuja huku na biashara kutoka pwani, na nyumbani kwetu hatukuwa na lugha nyingine ya kugombania. Darasa zima nilikuwa peke yangu niliyecheka kwa wakati. Ndiyo sababu alinizoea, na ndiyo sababu adhabu zangu zilikuwa ndefu kuliko za wenzangu.

Sheria ya kwanza ya maabara yake ilikuwa madirisha. Kabla hujawasha kitu chochote, fungua madirisha yote, hata kama mvua inaingia ndani. Siku moja ilikuwa zamu yangu, nikaona baridi, nikaacha moja. Alisimamisha somo akanitoa nje. Nilimaliza kipindi nimesimama kwenye manyunyu, nikimtazama kupitia dirisha lile lile, sasa likiwa wazi, akiwaeleza wenzangu kwa nini nimetolewa. Aliwasimulia habari za wazee wa tanuri.

Hilo ndilo jina alilowapa wale watu wa kale waliotaka kuigeuza risasi iwe dhahabu. Aliwapenda kama mtu anavyowapenda wajomba waliopotoka. Alituchorea ubaoni nyoka wao anayejiuma mkia. Alituambia kwamba kwao risasi ilikuwa madini ya Zohali, sayari ya uzee na uzito. Zebaki ilikuwa ya Utaridi, na dhahabu ya jua. Kazi yao ilikuwa na hatua: kwanza kitu kiwe cheusi, kisha cheupe, mwisho chekundu. Na chupa waliyopikia waliiziba kwa udongo, roho ya kilichomo isije ikatoka.

"Wakaziba chupa, wakaziba na vyumba," alisema, na hapo darasa lilianza kucheka kwa sababu tulijua kinachofuata. "Wakavuta moshi wa risasi miaka na miaka. Mikono ikaanza kutetemeka. Wakasahau majina ya watoto wao. Wakafa wanazungumza na ukuta." Halafu aliugeukia ukuta wa darasa, akauinamia, akaunong'oneza kitu kwa heshima nyingi, na sisi tukacheka mpaka machozi. Kicheko kile nakikumbuka mpaka leo.

Alipostaafu alikodi chumba Muhima, nyuma ya maduka, unapoteremka kwenda Nyabugogo. Kazi yake mpya ilikuwa kufuta. Ofisi inapobadilisha kompyuta, zile za zamani hazitupwi hivi hivi, zina siri za watu ndani. Mizigo mikubwa ilikwenda kwenye viwanda vya Masoro. Mwalimu alichukua ya ofisi ndogo kama yetu. Mimi ndiye ninayesimamia vifaa pale ofisini, ndivyo tulivyokutana tena, mimi na gari la mizigo, yeye na tai yake shingoni katikati ya vumbi na waya.

Alifuta diski kwanza kwa mashine, akarudia tena na tena, kisha akazitoboa kwa keekee. Baada ya hapo alizilaza bodi za kompyuta juu ya jiko la mkaa, chini ya dirisha lililo wazi, mpaka risasi iliyoshikilia vipande vyake ikayeyuka na kudondoka. Vipande vyenye dhahabu alivitia kwenye tindikali uani. Miezi ikipita alikuwa na punje unayoweza kuificha chini ya ukucha, na aliionyesha kwa kila mgeni. "Unaona? Imetoka kwenye risasi," alisema. "Wazee wa tanuri hawakudanganya. Walikuwa na haraka tu."

Alikuwa na mwiko mmoja pale ndani: hakutazama. Kompyuta ikishaingia, skrini yake haikuwashwa tena. Alichomeka waya, akabonyeza, akaacha mashine ifanye kazi gizani.

"Hata jina la mwenyewe husomi?" nilimuuliza siku moja kwa kumchokoza.

"Hata jina. Nikisoma nimebeba. Na nikibeba, sijakufutia, nimekuhamishia kichwani kwangu."

Badala ya kutazama, aliweka kiganja juu ya mashine wakati inafutwa. Ikipata moto alitikisa kichwa polepole na kusema, "Huyu alikuwa na mengi." Nilimwambia hilo ni feni lililozibwa na vumbi. Hakubisha. Alikiri kwamba joto la kufuta herufi moja ni dogo mno, hakuna mkono wa binadamu unaoweza kulisikia. "Lakini lipo," akasema. "Kidogo na hakuna, hayo ni mambo mawili, binti. Nilikufelisha kwa kosa hilo hilo."

Mazungumzo yetu mengi yalikuwa ya namna hiyo, mimi nimekalia ndoo iliyogeuzwa, yeye anachokonoa bodi. Alisema wazee wa tanuri walitafuta kitu kimoja kilicho chini ya vitu vyote, kisicho na rangi wala umbo, kinachoweza kuwa chochote ukikipika vizuri. Hawakukipata, wakakiita maada ya kwanza. Sasa wanafizikia wa leo, akasema, nao wanaanza kusema chini ya vitu vyote kuna habari tu, ndiyo na hapana, milango midogo midogo iliyo wazi au iliyofungwa. Ukiipanga hivi unapata jiwe, ukiipanga vile unapata mtu anayekohoa. "Wamebadilisha jina la chupa," alisema. "Kilichomo ni kile kile."

Yule nyoka anayejiuma mkia alimchora kwa rangi kwenye mlango wa karakana. Alipenda kumwonyesha mteja kwa kalamu na kumwambia kwamba maana yake ni moja: hakuna nje. Kila unachokitupa unajitupia mwenyewe. Alikuwa akiwasalimia kwa majina wanawake wanaofagia barabara asubuhi, na siku moja aliniuliza kama nimewahi kufikiri taka za mji safi kama huu zinakwenda kuishi wapi. Nikamjibu kwamba zinakwenda dampo, kila mtu anajua. Aliniangalia kama siku ile ya dirisha.

Mlango wa pili alikaa fundi cherehani, mama mmoja mnene mwenye huruma, ambaye wateja wake walimwogopa yule nyoka.

"Watu wanasema Mwarimu ni umupfumu," aliniambia, yaani mganga wa ramli. "Mimi nawaambia oya, hapana, huyu iko muzee wa kanisa. Lakini nyoka kwa mulango, sha, mimi pia naogopaka."

Na kweli alikuwa mzee wa kanisa. Ndilo moja ya mambo yake niliyoshindwa kuyaunganisha. Hakuamini mizimu hata chembe. Mtu akisimulia mambo ya mizimu alimkatiza na kumuuliza mzimu una uzito gani. Alichukia uharibifu wa kila aina, halafu akatia sukari kwenye chai mpaka kijiko kikataka kusimama. Alikuwa na dhahabu mkononi kila siku na pete yake ya ndoa ilikuwa ya chuma cha kawaida. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mke wake aliikataa dhahabu yake kwa sababu ilinuka asidi.

Mke wake wote tulimwita Mama. Hakuwa na muda na wazee wa tanuri. Alipika, aliongoza sauti ya pili katika kwaya, na alimtuma Mwalimu dukani katikati ya sentensi. Akaugua, akafa, na Mwalimu akarudi karakana wiki iliyofuata na tai yake ile ile. Kilichobaki cha sauti ya Mama kilikuwa kitu kimoja. Kabla ya ugonjwa kumlaza, binti yao aliyekuwa akisoma ng'ambo alitaka kujua isombe, mboga ya majani ya muhogo, inapikwaje, na Mama akaegemeza simu mezani jikoni ikirekodi, akawa anapika huku anaeleza. Simu ya Mama ilikufa muda mfupi baada yake, ya binti ilipotea huko huko ng'ambo, lakini Mwalimu alikuwa ameihifadhi sauti ile kwenye laptopu yake kuukuu nyeusi.

Alinisikilizisha mara moja, pale Muhima. Unamsikia Mama akieleza kwa Kinyarwanda jinsi ya kutwanga majani, na wakati wa kutia mawese. Kisha anakohoa. Kisha anapaza sauti, "Mwarimu, fungura idirishya, umwotsi uratwica." Fungua dirisha, moshi unatuua. Unasikia kiti kinasogezwa, komeo linalia, na Mama anacheka na kusema kwamba huyu ndiye anayefundisha watoto wa watu. Mwalimu alisikiliza ameinamisha kichwa. Iliposimama alifunga laptopu kwa mikono miwili.

Sasa nafika pale ambapo hasira yangu inaanzia. Laptopu ile ilianza kulia feni. Mwalimu akaileta karakana kuisafisha, akaiacha juu ya meza ya kazi. Ijumaa ile ofisi moja ya huko mjini ikamletea mzigo wa laptopu nyeusi kuukuu, za aina ile ile. Jumamosi ilikuwa ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Alikwenda kuchimba mitaro na majirani zake, akarudi mchana amechoka, ana matope kwenye viatu, akataka amalize mzigo kabla ya ibada ya kesho yake. Akazichukua mezani moja baada ya nyingine. Akachomeka waya, akabonyeza, skrini zikiwa gizani kama siku zote.

Mtu mwingine yeyote angewasha. Angeona picha ya Mama amevaa mushanana, vazi la sherehe, kwa sababu ndiyo iliyokuwa pale mbele, na angesimama. Ilihitaji mtu asiyesoma mambo ya watu, mtu mwadilifu kupita kiasi, ili kosa lile lifanyike. Jumatatu ndipo alipoitafuta.

Aliniambia hayo mwenyewe, bila machozi, kwa sauti ya darasani. "Moja ilipata moto kuliko zote," alisema. "Niliweka kiganja juu yake, nikasema, huyu alikuwa na mengi."

Nilimshika mkono, naye kwa mara ya kwanza hakuugeuza.

Tangu siku hiyo dirisha la karakana likafungwa. Mwanzoni sikulitilia maanani. Baadaye nikaona ameziba nyufa za fremu kwa udongo, kwa ustadi, udongo umelainishwa kwa kidole. Jiko la mkaa lilikuwa pale pale, bodi juu yake, risasi inadondoka, na moshi hauna pa kwenda. Macho yaliniwasha nikabaki mlangoni.

"Mwalimu, mimi ulinitoa nje kwa sababu ya dirisha."

"Nilikutoa. Ulistahili."

"Na hili?"

Aliweka koleo chini. "Ukichoma barua, maneno yanakwenda wapi?"

"Yanaungua."

"Karatasi ndiyo inaungua. Nimekuuliza maneno."

Akanieleza. Hesabu haziruhusu kitu kipotee, alisema. Kila herufi ya barua ile imo kwenye moshi, kwenye majivu, kwenye joto lililoingia ukutani. Imetawanyika, basi. Mtu ambaye angeweza kukusanya kila chembe angeisoma tena barua nzima, na nukta zake. Na kilichofutwa ndani ya chumba hiki kilitoka kama joto, joto likaingia kwenye hewa hii na kuta hizi. Maadam chumba kimezibwa, hakijaenda popote.

"Na nani atakusanya kila chembe?"

"Hakuna."

"Sasa faida yake nini, Mwalimu?"

"Kujua kwamba yumo," alisema.

Niliondoka pale nimekasirika. Ningeweza kubishana na mtu anayeamini mizimu. Ningemletea shehe au mchungaji. Mwalimu hakuamini kitu chochote isipokuwa yale yale aliyonifundisha, na kila alichosema, kwa kadiri ninavyoelewa fizikia yangu ya shuleni, kilikuwa kweli. Hata chumba kile hakikuwa kimezibwa kama alivyotaka, mlango ulifunguliwa kila siku na joto hupita kwenye matofali. Nilimwambia hivyo safari iliyofuata. Alijibu kwamba anajua, lakini kinachovuja ni kidogo. Na kidogo na hakuna ni mambo mawili.

Niliacha kumpelekea kompyuta za ofisi yetu nikidhani nitamnyima kuni. Ofisi nyingine zikaendelea. Niliporudi kumwona kuta zilikuwa nyeusi kutoka darini hadi usawa wa kifua, na fundi cherehani alinisubiri nje na nguo ya harusi mkononi.

"Nusa hii," aliniambia. "Moshi inapita kwa ukuta inaingia kwa nguo ya watu. Na yeye analala humo mchana, mulango amefunga. Nikigonga hajibu. Siku moja tutamukuta amekufa. Muambie wewe, wewe anakusikiaka."

Hakunisikia. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, kikombe kinagongana na sahani, na alipoona ninaitazama naye akaitazama.

"Hatua ya weusi imeanza," alisema, akitabasamu.

"Unakumbuka ulituambia wazee wa tanuri walisahau majina ya watoto wao?"

"Nakumbuka. Wewe ulikuwa nje kwenye mvua, ulisikiaje?"

"Dirisha lilikuwa wazi."

Alicheka sana, kicheko kile cha zamani, na kwa dakika moja nilidhani nimempata. Kisha akasema jambo ambalo sijaweza kulitoa kichwani. Alisema hakuna sababu ya mimi kuogopa. Kichwa nacho ni diski. Kikifutwa kinatoa joto, na joto lake litaingia kwenye kuta zile zile. "Nikimsahau Mama nje, nimempoteza," alisema. "Nikimsahau humu ndani, bado yumo humu, na mimi nimemfuata." Akachukua koleo akaendelea na bodi yake. Alikuwa ameshayapigia hesabu yote.

Nilitoka hadi uani. Pale ndipo nilipompigia simu binti yake, aliyekuwa amerudi na kupanga nyumba Remera, jirani na Gisimenti. Nilimwambia baba yako anajipika. Alikuja siku ile ile. Mwalimu alikataa, akashika fremu ya dirisha, na mwishowe fundi cherehani na mumewe ndio waliomtoa, kwa upole, mmoja kila upande, wakimwita Mwarimu, Mwarimu. Daktari alipima damu akakuta risasi, akasema kinachoweza kutoka kitatoka, lakini kilichokwisha kuharibika kichwani hakitarudi. Simu ile ningeipiga tena hata leo.

Mwenye nyumba wa Muhima alipaka kuta rangi nyeupe, akampangisha kijana anayeuza kava za simu. Nilipita hapo. Nyoka ameondolewa kwa msasa, dirisha liko wazi, redio inaimba, na ule udongo umekwanguliwa wote. Nilinunua kava nisiyoihitaji ili nipate kusimama ndani kidogo. Kuta zilikuwa baridi na zinanuka rangi.

Mara ya mwisho nilikwenda Remera Jumapili alasiri. Binti yake alinipokea mlangoni, amekonda.

"Karibu. Papa iko kwa chumba yake," alisema. "Leo iko sawa, ariko usimuulize majina. Anaona haya. Mama pia hamukumbuki. Nilimuonyesha picha, akaniuliza huyu ni mwalimu mwenzake?"

"Hata sauti?"

"Sauti gani? Hakuna pahali iko." Alifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Na dirisha, nikifungua anaamuka anafunga. Nimechoka kushindana na yeye. Utaona vile chumba iko moto."

Chumba kilikuwa moto kweli, hewa imesimama. Mwalimu alikaa kitandani amevaa tai, uso umeelekea ukutani. Nilimpa shikamoo akaitikia marahaba bila kukosea. Akanishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akakaa nao. Nikasubiri hukumu yangu. Haikuja. Alikuwa amesahau kiganja kinageuzwa kwa ajili ya nini, akabaki ameushika tu, na cha kwake kilikuwa kikavu na kinawaka.

"Mwalimu, kwa nini hatufungui dirisha?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, kama zamani akiulizwa swali zuri darasani.

"Sijui," alisema. "Lakini halifunguliwi."

Mama hakuwahi kukanyaga chumba kile. Nyumba yenyewe ilipangwa yeye akiwa ameshazikwa. Nilimtazama mzee yule akilinda chumba kisicho na kitu, nikashindwa kuvumilia. Nikakohoa. Nikasema kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya Mama kadiri nilivyoikumbuka, kwa kuwa sasa nadhani ni mimi na binti yake tu tuliobaki nayo, "Mwarimu, fungura idirishya, umwotsi uratwica."

Alisimama papo hapo. Hakusita hata kidogo. Miguu yake ilijua njia. Alisogeza kiti, akainua komeo, akasukuma vioo vyote viwili, na upepo ukaingia na muziki wa baa za Gisimenti kwa mbali. Akanigeukia anacheka.

"Kuna mtu alikuwa akiniambia hivyo," alisema.

"Nani, Mwalimu?"

Nilimwona akimtafuta. Kicheko kilimwondoka polepole, kikaanzia machoni, na uso wake ukawa wa mtu aliyesikia mlango umefunguliwa nyuma yake. Alinyoosha mkono akaugusa ukuta.

"Simjui," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini yumo humu. Sasa anatoka. Funga, binti. Funga, tafadhali, anatoka."

Nikafunga. Nikashusha komeo, na kwa kuwa alikuwa bado ananitazama, nikapitisha kidole kwenye ufa wa fremu, pande zote, kama mtu anayelainisha udongo. Akashukuru, akakaa, akaugeukia ukuta akaanza kuunong'oneza. Kabla sijatoka niliweka kiganja changu hapo alipokuwa ameweka chake. Palikuwa moto. Ni ukuta wa magharibi, na saa ile jua lilikuwa limeanza kuwa jekundu.